Seneti, chama au kamati ya bajeti: mwalimu wa chuo cha jamii California aweke nguvu zake wapi fedha zinapopungua?

Sheria ya elimu ya California inaitaka bodi ya chuo cha jamii (chuo cha umma kinachotoa hasa masomo ya miaka miwili) inayokusudia kumwachisha kazi mwalimu wa kudumu impe taarifa ya awali kabla tarehe 15 Machi haijapita, na taarifa ya mwisho kabla ya tarehe 15 Mei. Kati ya tarehe hizo mbili mikutano huwa mingi, na kila mkutano unahitaji mtu: seneti inatafuta wajumbe, chama cha wafanyakazi cha walimu kinatafuta wawakilishi wa idara, na kamati ya bajeti ina kiti cha mwalimu ambacho hakijapata mtu. Mwalimu anayefundisha madarasa matano kwa muhula hawezi kuvitumikia vyombo vyote vitatu kwa uzito unaostahili. Analazimika kuchagua, na mara nyingi humfuata rafiki au yule aliyetangulia kumwomba, ilhali sheria imevipa vyombo hivi mamlaka yanayotofautiana sana.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake. Msomaji aliyezoea seneti ya chuo kikuu cha Tanzania, ambayo mwenyekiti wake ni makamu mkuu wa chuo, afahamu tangu mwanzo kwamba seneti inayozungumzwa hapa ni ya walimu peke yao, na rais wake huchaguliwa na walimu wenzake.

Shinikizo la fedha linatoka wapi

California ina vyuo vya jamii 116 katika wilaya 73 za vyuo (wilaya hapa ni mamlaka inayoendesha chuo kimoja au zaidi), na karibu kila wilaya inaongozwa na bodi ya wadhamini inayochaguliwa na wapiga kura wa eneo lake. Hata hivyo, fedha nyingi haziko mikononi mwa wapiga kura hao. Pendekezo la 13, lililopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1978, liliwekea kikomo kodi ya ardhi na majengo, na tangu hapo vyuo vimeitegemea zaidi hazina ya jimbo. Pendekezo la 98 la mwaka 1988 liliweka kiwango cha chini ambacho jimbo lazima litenge kwa shule na vyuo vya jamii, lakini kiwango hicho hupanda na kushuka pamoja na uchumi na mapato ya kodi.

Tangu mwaka wa fedha wa 2018–19, mgao wa kila wilaya hukokotolewa kwa fomula yenye sehemu tatu: takriban asilimia 70 hufuata wingi wa wanafunzi, asilimia 20 hufuata idadi ya wanafunzi wa kipato cha chini, na asilimia 10 hufuata matokeo yao, kama vile vyeti, shahada za miaka miwili na kuhamia chuo kikuu. Wilaya ambazo zingepoteza fedha kwa fomula hiyo zililindwa kwa miaka kadhaa. Kisha ikaamuliwa kwamba kuanzia 2025–26 mgao wao wa 2024–25 uwe kiwango cha chini kisichoongezwa kufuatana na gharama za maisha. Wilaya inayoishi kwa kiwango hicho haijapunguziwa hata dola moja kwenye karatasi, lakini mishahara, bima za afya na bili za umeme zinaendelea kupanda. Nakisi ya namna hii huja polepole, na kwa sababu hiyo watu huchelewa kuijadili mpaka uamuzi unapokuwa umekwisha kufanywa.

Vigezo vya kulinganishia

Nimevipima vyombo hivi vitatu kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni nguvu ya kisheria, yaani kama neno la chombo linaifunga bodi au linaishauri tu. Cha pili ni sehemu ya fedha ambayo chombo kinaigusa. Cha tatu ni kalenda, kwa kuwa hoja nzuri iliyokuja Juni haina thamani ya hoja ya wastani iliyokuja Februari. Cha nne ni nafasi ya mwalimu wa muda, na cha tano ni gharama anayoibeba mwalimu anayejitolea. Vigezo hivi havilingani uzito. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyotenganisha vyombo hivi kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana nitakaa navyo zaidi.

Nguvu ya kisheria

Seneti inasimama juu ya sheria ya mwaka 1988 ijulikanayo kama AB 1725, ambayo iliyatoa maamuzi ya kitaaluma katika mfumo uliofanana na wa shule za sekondari na kuwapa walimu sauti inayotambuliwa na sheria. Kanuni zilizofuata zinataja mambo kumi, pamoja na la kumi na moja ambalo pande mbili zinaweza kukubaliana kuliongeza. Orodha hiyo ina mitaala, masharti ya shahada na vyeti, sera za alama, uendelezaji wa programu za masomo, taratibu za kuzitathmini programu hizo, nafasi ya walimu katika ithibati, na jambo la kumi, ambalo ndilo linalotuhusu zaidi hapa: taratibu za kupanga mipango ya chuo na kuandaa bajeti. Kwa kila jambo, bodi huamua ama itategemea hasa ushauri wa seneti, ama itatafuta makubaliano nayo. Katika njia ya kwanza, bodi inatarajiwa kuukubali ushauri, isipokuwa katika mazingira ya pekee na kwa sababu nzito, na ikiukataa seneti inaweza kudai maelezo kwa maandishi. Katika njia ya pili, pande zikishindwa kuafikiana, sera iliyopo huendelea kutumika.

Hapa msomaji asome kwa makini, kwa sababu kanuni ina tundu. Sera iliyopo huendelea isipokuwa pale inapoiweka wilaya katika hatari ya kisheria au katika dhiki kubwa ya fedha. Na pale ambapo hakuna sera, bodi inaweza kuchukua hatua kwa sababu nzito za kisheria, za kifedha au za kiutawala, baada ya juhudi za kweli za kutafuta makubaliano. Maana yake ni kwamba seneti hupungua nguvu hasa wakati inapohitajika zaidi. Jambo la kumi nalo linahusu taratibu za kuandaa bajeti, si tarakimu zake. Seneti iliyokwisha kuandika utaratibu mzuri wakati wa neema ina pa kushika wakati wa nakisi, na ile iliyongoja nakisi ije ndipo iandike hukuta upande wa pili tayari una sababu nzito za kifedha mkononi.

Chama cha walimu kinasimama kwingine kabisa. Sheria iliyopewa jina la seneta Albert Rodda, iliyopitishwa mwaka 1975, inailazimisha wilaya kujadiliana kwa nia njema na chama kilichochaguliwa na walimu kuhusu mishahara, saa za kazi na masharti mengine ya ajira. Kinachopatikana ni kile ambacho wafanyakazi wa Tanzania wanakiita mkataba wa hali bora, na mkataba huifunga bodi kama unavyokifunga chama. Majadiliano yakikwama kuna usuluhishi, kisha jopo la kuchunguza ukweli wa hoja za kila upande. Hatua hizo zikiisha bila mwafaka, bodi inaweza kutekeleza pendekezo lake la mwisho na walimu wanaweza kugoma. Kwa nguvu ya kisheria peke yake, hakuna chombo kingine cha walimu kinachokifikia chama. Hata hivyo mipaka yake ni mikali: chama hakina mamlaka juu ya mtaala wala juu ya programu ipi ifunguliwe. Uamuzi wa kupunguza wafanyakazi ni wa bodi, na chama hujadili namna utakavyotekelezwa na athari zake.

Kamati ya bajeti ndiyo dhaifu kuliko vyote kisheria. AB 1725 inawahakikishia walimu, watumishi na wanafunzi haki ya kushiriki kwa dhati katika uongozi, lakini muundo wa kamati, idadi ya viti na uzito wa mapendekezo yake hutegemea sera ya kila wilaya. Walimu wanaoketi humo huteuliwa na seneti, na pendekezo lao huenda kwa mkuu wa chuo, ambaye anaweza kulipokea au kuliacha. Anayeingia kwenye kamati akitarajia kupiga kura ya kuzuia kitu ataumia moyo bure.

Fedha ambazo kila chombo kinazigusa

Katika chuo cha jamii, sehemu kubwa kabisa ya matumizi ni mishahara na mafao. Kwa hiyo chama kinashika mstari mzito kuliko yote katika bajeti, na kinaushika kwa mkataba. Wakati wa nakisi nguvu hiyo huwa na sura mbili, kwa kuwa chama kinaweza kuzuia nafasi zisikatwe kwa kukubali mishahara ipungue, na makubaliano ya namna hiyo huwagawa wanachama kwa miaka. Kuna pia fedha ambazo chama peke yake ndicho kinachoweza kuzifikia. Bajeti ya jimbo ya mwaka 2022 ilipandisha fungu la bima ya afya ya walimu wa muda hadi takriban dola milioni 200 kwa mwaka, na wilaya hurudishiwa gharama hizo ikiwa imekubaliana na chama juu ya mpango unaotimiza masharti. Wilaya isiyojadiliana juu ya jambo hilo inaziacha fedha za jimbo mezani huku walimu wake wakikosa bima.

Kamati ya bajeti haishiki mstari wowote, lakini inaiona mistari yote, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Bajeti hujengwa juu ya makisio: wanafunzi wangapi watajiandikisha, jimbo litaongeza asilimia ngapi kwa gharama za maisha, nafasi ngapi zilizo wazi zitajazwa, kiasi gani kitahamishiwa kwenye mifuko mingine. Wingi wa wanafunzi unahesabiwa kwa kipimo cha mwanafunzi mmoja wa muda wote, sawa na saa 525 za kuhudhuria, hivyo makisio yaliyo chini kwa wanafunzi mia chache yanaweza kutengeneza nakisi isiyokuwapo, na yaliyo juu yanaweza kuificha iliyopo. Akiba nayo huzua ubishi. Ofisi ya mkuu wa mfumo mzima wa vyuo vya jamii vya jimbo inazihimiza wilaya ziweke akiba inayotosha matumizi ya miezi 2. Mwalimu anaweza kuiona akiba hiyo kama fedha zilizofichwa, na mhasibu akaiona kama mishahara ya Desemba iwapo malipo ya jimbo yatachelewa. Bila kuketi kwenye kamati ni vigumu kujua nani kati yao ana haki katika wilaya yako.

Mjumbe wa kamati anatakiwa pia kuifahamu sheria ya asilimia 50, inayotaka angalau nusu ya gharama za uendeshaji wa elimu iende kwenye mishahara ya wanaofundisha darasani. Washauri wa wanafunzi na wakutubi hawahesabiwi katika nusu hiyo, ingawa wengi wao ni walimu kwa mujibu wa ajira zao. Hivyo hoja njema ya kuajiri washauri zaidi inaweza kuisogeza wilaya karibu na kuvunja sheria, na hoja hiyo hiyo, ikiambatana na pendekezo la kupunguza gharama fulani za utawala, inaweza kupita bila tatizo.

Seneti haigusi fedha moja kwa moja. Inagusa kile kinachozizaa, yaani masomo yanayofundishwa, masharti ya kuingia darasani, mpangilio wa programu unaomwezesha mwanafunzi kumaliza, na utaratibu wa kuzifunga programu. Huo wa mwisho ndio wenye uzito zaidi wakati wa nakisi. Wilaya yenye utaratibu ulioandikwa inalazimika kutazama idadi ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, mahitaji ya ajira ya eneo hilo na hatima ya wanafunzi waliokwisha kuanza kabla ya kuifunga programu. Pasipo na utaratibu huo, programu inaweza kufa kwa kuacha tu kupangiwa madarasa, bila mtu yeyote kulazimika kutoa sababu.

Jambo ambalo San Francisco ilionyesha

Historia ya City College of San Francisco inafaa kusomwa na yeyote anayechagua, kwa sababu vyombo vyote vitatu vilijaribiwa hapo. Julai 2012 tume ya ithibati ilikitaka chuo kitoe sababu kwa nini kisinyang'anywe ithibati, na lawama zake zilielekezwa zaidi kwenye fedha, uongozi na uchache wa maofisa wa utawala kuliko kwenye ufundishaji. Novemba mwaka huo wapiga kura wa jiji waliidhinisha kodi ya dola 79 kwa kila kiwanja ili kukisaidia chuo. Hata hivyo, Julai 2013 tume ilitangaza kwamba ithibati ingeondolewa mwaka uliofuata, na mamlaka ya bodi iliyochaguliwa yakakabidhiwa kwa mdhamini maalumu. Jiji lilikwenda mahakamani, na Januari 2015 jaji aliamua kwamba tume ilikiuka taratibu katika kukishughulikia chuo hicho. Januari 2017 ithibati ikathibitishwa upya.

Nakisi haikuondoka pamoja na mgogoro wa ithibati. Mwaka 2021 chama cha walimu kilikubali mishahara ipunguzwe kwa muda ili kuzuia kupunguzwa kwa wafanyakazi, na mwaka 2022 bodi ikapiga kura ya kuwaachisha kazi baadhi ya walimu wa kudumu. Kwa maoni yangu mambo mawili yanajitokeza hapa. Mkataba ulinunua mwaka mmoja, na mwaka mmoja una thamani kwa mwalimu mwenye familia, lakini haukubadili mapato ya wilaya. Tena, mamlaka ya bodi yanapohamishiwa kwa mtu mmoja, seneti na kamati huwa hazina bodi ya kushauriana nayo kwa maana ya kawaida, na njia zinazobaki ni mkataba, mahakama na wapiga kura.

Kalenda

Gavana hutoa mapendekezo ya bajeti kabla ya tarehe 10 Januari kupita, huyarekebisha katikati ya Mei, na bunge la jimbo hupitisha bajeti kufikia tarehe 15 Juni. Wilaya hupitisha bajeti ya awali kufikia tarehe 1 Julai na ya mwisho kufikia tarehe 15 Septemba. Kamati ya bajeti inayofanya kazi vizuri huenda sambamba na ratiba hiyo, na Februari ndio mwezi wake wa maana. Seneti hukutana wakati wa mihula na hulazimika kutangaza ajenda saa 72 kabla ya mkutano, hivyo marekebisho ya Mei yanaikuta ikifunga mwaka. Chama hufuata muda wa mkataba wake, na mkataba usioruhusu kufunguliwa kabla ya mwisho unaweza kukinyima nafasi ya kujadili mishahara mwaka ambao fedha zimeongezeka.

Mwalimu wa muda

Hapa hakuna chombo kinachoridhisha. Mwalimu wa muda haruhusiwi kufundisha zaidi ya asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja, sheria inairuhusu bodi kusitisha ajira yake mwishoni mwa siku au wiki, na taarifa ya tarehe 15 Machi haimhusu. Nakisi inapokuja, yeye ndiye wa kwanza kuondoka, na huondoka bila kuhesabiwa miongoni mwa walioachishwa kazi, kwa sababu anachokosa ni darasa tu. Jambo hili linanisikitisha kila ninaposoma taarifa inayojivunia kwamba chuo kimevuka mwaka bila kupunguza mtu.

Chama ndicho kinachoweza kumpa haki iliyoandikwa. Sheria ya mwaka 2016 ilizisukuma wilaya kujadiliana na vyama juu ya utaratibu wa kumpa kipaumbele mwalimu wa muda wakati madarasa yanapogawiwa upya. Ni muhimu kuuliza kwanza kama walimu wa muda wamo katika chama kimoja na wale wa kudumu au wana chao, kwa kuwa wilaya hutofautiana. Seneti nyingine zimewatengea viti, nyingine hazijawatengea. Katika kamati ya bajeti huonekana mara chache, na anayekaa humo aulize mapema kama saa zake zitalipwa.

Gharama kwa anayejitolea

Seneti hudai kusoma na kuandika kwingi, na mara nyingine rais wake hupunguziwa madarasa. Chama hudai muda usiotabirika, hasa majadiliano yanapokwama, ingawa sheria inakataza mwalimu kulipiziwa kisasi kwa shughuli zake. Kamati hudai uvumilivu wa kujifunza hesabu za serikali, na inachukua takriban mwaka mzima kabla mjumbe mpya hajawa na swali ambalo mkurugenzi wa fedha hakulitarajia.

Uchague kipi, kwa hali yako

Ikiwa kinachotishiwa ni somo au programu, na wanafunzi wake bado wapo, nenda kwenye seneti, na anza kwa kuusoma utaratibu wa kufunga programu. Usipoukuta, kuuandika ndiyo kazi yako ya kwanza, hata kama hutaimaliza kabla ya Machi hii.

Ikiwa kinachotishiwa ni ajira, mshahara au bima, chama kina nguvu ambayo vyombo vingine havina. Hili ni kweli zaidi kwa mwalimu wa muda, mradi chama hicho kimempa nafasi ya kweli katika timu ya majadiliano.

Ikiwa walimu na utawala hawaaminiani juu ya tarakimu zenyewe, omba uteuliwe kwenye kamati ya bajeti, na ukubali kwamba mwaka wa kwanza utauliza zaidi ya utakavyopendekeza. Mtu mmoja anayeweza kuwaeleza wenzake kwa lugha nyepesi jinsi makisio ya udahili yalivyofanywa atakisaidia chama kwenye majadiliano na seneti kwenye hoja zake.

Ikiwa uko katika miaka minne ya majaribio kabla ya kuthibitishwa, seneti au kamati ndogo ya mitaala ni mahali pazuri pa kukifahamu chuo, lakini wapo waliotumikia chama tangu mwaka wa kwanza na wakathibitishwa bila shida. Zungumza na aliyekutangulia katika idara yako kabla ya kuamua.

Ikiwa ithibati ya chuo imetiwa shaka, seneti ina jukumu la kisheria katika maandalizi ya ripoti ya chuo, na huo ndio wakati wa kuisaidia kuandika hata kama wewe ni mtu wa chama.

Na ikiwa umekwisha kuona kwamba bodi hupokea ushauri wa seneti na wa kamati na kuuacha mwaka baada ya mwaka, angalia viti vya bodi vinavyogombewa katika uchaguzi ujao. Walimu wanaoishi ndani ya wilaya ni wapiga kura wake, na wajumbe wengi wa bodi hizi hushinda katika chaguzi ambazo watu wachache huzifuatilia.